Meseji, plasta na chingamu: uzoefu wangu wa SmokefreeVET

SmokefreeVET ni huduma ya kuacha sigara ya idara ya maveterani ya Marekani, VA, kwa waliotumikia jeshi la huko. Pamoja na meseji zake, kuna ushauri wa simu na dawa. Nianze na ninachokiona watu wakikosea: meseji peke yake haikati arosto. Arosto inakatwa na nikotini iliyopimwa. Meseji inakuwahi tu pale mkono unapoanza kupapasa mfukoni.

Kujiunga ni kutuma neno VET kwenda 47848, kisha unachagua tarehe ya kuacha. Usiweke kesho. Weka wiki mbili mbele, dawa ziwe zimeshafika mkononi, maana meseji zinapangwa kufuata tarehe hiyo. Maneno matatu yakae kichwani: URGE hamu ikikushika, STRESS ukizidiwa na mawazo, SMOKED ukiteleza. Jibu linakuja hapo hapo, hata usiku wa manane, lakini linatoka kwa mashine. Maongezi marefu yapeleke kwenye simu ya Quit VET, 1-855-784-8838, Jumatatu hadi Ijumaa. Huko unaongea na mshauri, mnapanga pamoja kwa kuangalia sigara zako zinawaka saa ngapi na kwa sababu gani. Ushauri haulipiwi.

Kwenye dawa ndipo mtu anapopimiwa chake. Kama unavuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, plasta ya nikotini inaanza na mg 21 kwa wiki 6, kisha mg 14 kwa wiki 2, na mg 7 kwa wiki 2. Bandika asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, kandamiza sekunde 10, kesho hamia sehemu nyingine. Ukirudia pale pale ngozi itawasha na kuwa nyekundu.

Plasta ukilala nayo inaleta ndoto kali. Kwa mwenye PTSD, yaani kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha kama vita, ambaye usingizi wake tayari ni vita, hilo linatosha kumrudisha kwenye pakiti. Dawa yake ni kuivua kabla ya kulala. Ila ukiivua utaamka na kiu ya sigara, kwa hiyo chingamu ya nikotini ilale kando ya kitanda: mg 4 kama sigara yako ya kwanza ilikuwa ndani ya dakika 30 za kuamka, mg 2 kama ilichelewa zaidi. Na haitafunwi kama bigijii. Tafuna taratibu mpaka ikuchome kama pilipili, isukume kati ya shavu na ufizi, itulie, mchomo ukiisha utafune tena, kama nusu saa hivi. Ukiitafuna mfululizo unameza nikotini na kuambulia kwikwi na kiungulia. Dakika 15 kabla yake usinywe kahawa, soda wala juisi, maana asidi inazuia nikotini kupenya mdomoni.

Tukiwa kwenye kahawa: moshi wa sigara, si nikotini, ndio unaolifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha moshi, vikombe vile vile vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mikono inatetemeka, usingizi unapaa, nawe unalaumu arosto. Punguza kahawa nusu tangu siku ya kwanza. Anayetumia olanzapine au clozapine, dawa za maradhi ya akili, amwambie daktari kabla ya tarehe, dozi inaweza kuhitaji kushushwa kwa sababu hiyo hiyo.

Wengi bado wanaiogopa varenicline, kidonge cha kusaidia kuacha sigara, kwa sifa ya kuvuruga akili. Mwaka 2016 utafiti wa EAGLES, uliohusisha zaidi ya watu 8,000, karibu nusu yao wakiwa na maradhi ya akili, haukuona ongezeko kubwa la matatizo hayo, na Marekani ikaondoa onyo zito lililokuwa kwenye maelezo ya dawa hiyo. Inaanzwa wiki moja kabla ya tarehe. Imeze ukiwa umeshiba na glasi nzima ya maji, la sivyo kichefuchefu hakikwepeki.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeibana kwa kuwa mashine haijui kama umebandika plasta au umeisahau kabatini.

Ukivuta pafu moja, usivue plasta kwa hofu. Hilo ndilo kosa linalogeuza pafu kuwa pakiti. Tuma SMOKED, weka chingamu mdomoni, na ya kesho ibandike saa ile ile.