Sabuni ya Kufulia Ngozi ya Kondoo ya Farasi: Ipi Ununue, Ipi Uache

Pedi ya ngozi ya kondoo inayokaa chini ya tandiko, au ile inayovishwa mkanda wa tumbo na mkanda wa pua, ina pande mbili zenye tabia tofauti: sufu upande mmoja, ngozi upande wa pili. Sufu husamehe makosa mengi, ngozi haisamehi. Kwa hiyo sabuni hapa tumezipanga kwa jinsi zinavyoiacha ngozi baada ya kukauka. Weupe wa sufu tumeuweka nyuma.

Kabla hujatoa hela ya sabuni, geuza pedi uangalie ngozi yenyewe. Iliyolainishwa kiwandani kwa kromu au kwa glutaraldehaidi inafulika. Ya kromu mara nyingi huwa na rangi ya kijivu au samawati hafifu. Ya glutaraldehaidi huelekea umanjano. Iliyotengenezwa kwa shabu haifai kuloweshwa, kwa sababu shabu huyeyuka na kutoka na maji, ngozi ikabaki ngumu. Ngozi nyingi za mapambo zinazouzwa kando ya barabara, kama pale juu ya mteremko wa Bonde la Ufa ukitoka Nairobi kwenda Naivasha, usizinunue kwa kazi ya farasi kabla ya kujua zimetengenezwaje. Iliyokaushwa kwa chumvi tu, ikilowa hurudi kuwa ngozi mbichi: hunuka, na sufu hung'oka. Jaribu kona ndogo. Lowesha sehemu ya ukubwa wa sarafu, iache kivulini siku nzima, kisha ikunje. Ikikakamaa au ikawa kama kioo, hakuna sabuni ya kuisaidia.

Ya kwanza: sabuni ya maji ya ngozi ya kondoo yenye lanolini, yaani mafuta ya asili ya sufu. Kila ufuaji huondoa sehemu ya mafuta yanayoifanya ngozi ikunjike. Sabuni hii husafisha huku ikirudisha kiasi cha mafuta hayo. Melp ndiyo inayojulikana sana kwa watumiaji wa pedi za Kijerumani. Bei yake iko juu, na kwa kawaida utaipata kwenye maduka ya matandiko au kwa kuagiza. Kama pedi yako ni ya gharama, inunue bila kusita.

Ya pili: sabuni ya maji ya kufulia sufu. Soma lebo kwa makini. Isiwe na vimeng'enya, hasa proteasi (kimeng'enya kinachovunja protini), wala dawa ya kung'arisha weupe. Baadhi ya sabuni za sufu zina onyo kwamba hazifai kwa ngozi. Hizo ziache hata kama chupa ina picha ya kondoo.

Ya tatu: shampuu ya mtoto. Hii unaipata Nanyuki, Arusha au kokote. Ni laini na huosha jasho vizuri, lakini hairudishi mafuta, basi inafaa kwa vitu vidogo kama mkanda wa pua. Farasi wa mbio, wale unaowaona Ngong Racecourse, huvishwa sufu hiyo puani ili wasishtushwe na vivuli vya chini, nayo hulowa mate na jasho haraka.

Sabuni ya tandiko, ile ya kusafishia ngozi isiyo na sufu, tunaiweka ya nne, na kwa kamba za ngozi tupu peke yake. Ikiingia kwenye sufu huacha nta inayonasa vumbi.

Sabuni ya unga, sabuni ya mche na Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) zisikaribie beseni. Sufu ni protini, ngozi pia ni protini. Proteasi ya kwenye sabuni nyingi za unga huzila zote mbili. Unga na mche huwa na magadi pia, yanayokausha ngozi. Jik huyeyusha sufu kabisa. Dawa ya kulainisha nguo nayo iache, kwa kuwa huipaka sufu utando, ikashindwa kunywa jasho.

Sasa ufuaji. Kwanza sugua sufu ikiwa kavu kwa brashi ya waya laini, ile ya mbwa, hadi nywele za farasi na vumbi vitoke. Funga velkro zote. Tia lita 10 za maji ya nyuzi 30 kwenye beseni, na kama lebo haikutaja kipimo, vijiko 2 vya chakula vya sabuni. Bonyeza na kuachilia kwa dakika tano hadi kumi. Usisugue: joto na msuguano hufanya magamba ya nyuzi za sufu yashikane, na sufu iliyoshikana haifunguki tena. Suuza kwa maji ya joto lilelile hadi povu liishe, maana sabuni iliyobaki huwasha mgongo wa farasi. Mashine inakubalika ikiwa ina mzunguko wa sufu wa nyuzi 30.

Usiisongoe. Ikunje ndani ya taulo na uikanyage maji yatoke, kisha ilaze kivulini penye upepo, sufu ikiangalia juu. Jua kali na jiko huifanya ngozi isinyae na kupasuka. Ikiwa bado na unyevunyevu, ivute kwa mikono pande zote, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Saisi (mtunza farasi) akiiruka hatua hii, hata sabuni ya bei haitaiokoa. Pedi nene huchukua siku mbili au tatu. Chana sufu ikikauka kabisa.

Kuna jambo moja sabuni hizi zote haziliwezi. Farasi akiwa na choa, maji ya nyuzi 30 hayaui ukungu wake, kwa hiyo pedi yake isivishwe farasi mwingine. Muulize daktari wa mifugo dawa gani ya kuua ukungu inaweza kugusa ngozi ya kondoo bila kuiharibu.