Sakafu ya Kioo: Kinga Ipi Uanze Nayo, Ipi Uiache Dukani

Watu wengi wanaoulizia kinga ya sakafu au ngazi za kioo huwa wanaogopa uzito. Lakini kioo cha kukanyagwa hujengwa kwa vioo viwili, vitatu au zaidi vilivyogandishwa pamoja, na kama mhandisi alipiga hesabu zake vizuri, watu watapita bila shida. Kinachokimaliza ni mchanga. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kioo kina takriban 5.5, ilhali kwatzi, madini yaliyojaa kwenye mchanga wa kawaida, ina 7. Kwa hiyo kila punje iliyonasa kwenye soli ni msumari mdogo, na mwenye kiatu ndiye anayeukandamiza.

Nimezipanga kinga hizi kwa swali moja: je, kitu hiki kitachakaa kwa niaba ya kioo, na kikishachakaa naweza kukibadilisha bila kugusa kioo kinachobeba watu?

Nafasi ya kwanza: zulia la kupangusia miguu

Najua, ulikuja kutafuta kemikali ya maajabu. Hata hivyo, hakuna kitu kitakachokuokolea kioo kama zulia refu lililo njiani kabla ya kukifikia. Refu maana yake kila mguu ulikanyage zaidi ya mara moja. Kale kadogo ka mlangoni watu hukaruka. Bora liwe na sehemu mbili, ya kwanza ngumu ya kukwangua udongo, ya pili ya kunyonya maji.

Usilitandike juu ya kioo chenyewe. Mpira wa chini unaweza kuacha doa, mchanga unajikusanya humo chini usikouona, na zulia jeusi likipigwa na jua hupasha kioo joto sehemu moja tu, jambo ambalo kioo hakilipendi. Halafu lisafishwe mara kwa mara kwa mashine ya kufyonza vumbi, maana zulia lililoshiba mchanga huanza kuurudisha kwenye viatu.

Ya pili: kioo cha juu cha kujitoa mhanga

Hii ni ya wale ambao bado wanajenga. Mwambie mhandisi tangu mwanzo kwamba unataka tabaka la juu ambalo halihesabiwi katika kubeba uzito. Kazi yake ni kuumia tu. Mwaka 2014, kwenye jengo la Willis Tower huko Chicago, wageni wa ghorofa ya 103 waliona nyufa zikitambaa chini ya miguu yao. Kilichopasuka kilikuwa tabaka la kinga la juu. Kioo kinachobeba hakikuguswa. Mwaka huohuo, kwenye njia ya kioo ya Tower Bridge, London, chupa ya bia ilianguka ikapasua tabaka la juu. La juu tu.

Ukilinunua, uliza mapema litabadilishwaje. Kama jibu ni kung'oa sakafu nzima, hujanunua kinga.

Ya tatu: nukta za kauri

Hizi hazizuii mkwaruzo, ila zinauficha, na zinampa mtu mahali pa kushika mguu. Huchomwa juu ya kioo wakati kinapokazwa kwa joto, hivyo amua kabla ya kuagiza. Kuna wanaoukwangua uso wa kioo kwa mchanga unaorushwa kwa nguvu, badala yake. Hufanya kazi pia, ila uso huo hung'ang'ania mafuta na uchafu wa soli, na mfagizi wako atakulaani.

Ya nne: filamu ya kubandika

Kwa sakafu ambayo tayari ipo, hapa ndipo wengi huishia, na si vibaya. Sharti iwe ya sakafuni. Filamu ya dirishani haikutengenezwa kukanyagwa, na ikilowa inaweza kumwangusha mtu. Omba matokeo ya kipimo cha pendulamu, kinachoonyesha sakafu inateleza kiasi gani, kwenye hali ya maji: 36 au zaidi ndiyo namba ya kutafuta. Kingo zake ndizo huinuka kwanza, na vumbi likishaingia pale, ibadilishe. Wakati wa kuitoa, fundi asitumie wembe.

Za mkiani

Dawa za kupaka nyingi husaidia maji na mafuta yasishike. Ni utando mwembamba mno, punje ya mchanga haiuoni hata kidogo.

Vifuniko vya viatu hutumika kwenye Skywalk ya Grand Canyon huko Marekani, ambako kuna mtu anayesimamia. Ofisini au nyumbani, wiki ya pili hakuna anayevaa.

Bao la akriliki au polikaboneti, yaani plastiki ngumu angavu, nimeliweka mwisho kwa makusudi. Ni laini kuliko kioo, kwa hiyo litachubuka haraka. Hutanuka kwa joto mara kadhaa zaidi ya kioo, kwa hiyo litavimba katikati. Na mchanga ukipenya chini yake, umejitengenezea msasa.

Mafundi wakiwa bado kazini, funika kioo kwa plaiwudi juu ya kitambaa laini, baada ya kufagia. Cheche za grainda hutua zikiwa za moto na kuganda kama vipele vyeusi ambavyo sabuni haivitoi.

Kama kuna viti juu ya kioo, vigeuze leo utazame chini ya miguu yake. Vile vitambaa laini vilivyobandikwa kuzuia mikwaruzo mara nyingi utavikuta vimemeza punje za mchanga.

Kwa mkwaruzo uliokwishatokea, pitisha ukucha juu yake. Usipokwama, fundi anaweza kuung'arisha. Ukikwama, kung'arisha kutaacha bonde linalopindisha kila unachokiona kupitia pale. Na ukiona ufa, hata mdogo pembeni, funga njia kwanza, ndipo upige simu.