Boksi la usalama la karatasi, lita 5: kwenye chanjo sawa, leba hapana

Kwa chumba cha chanjo, boksi hili la kutupia mabomba na sindano zilizotumika tunalipatia alama za juu. Linafika likiwa bapa, na dakika moja inatosha kulisimamisha. Lita 5 zinabeba mabomba madogo ya chanjo kama 100 pamoja na sindano zake. Bomba linaingia zima zima: halitenganishwi na sindano wala halirudishiwi kifuniko. Thamani yake iko hapo, maana kurudisha kifuniko kwa mikono miwili ni moja ya njia kuu manesi wanavyojichoma, na boksi likiwa karibu na mkono hakuna sababu ya kufanya hivyo.

Wengi hukosea kukunja kitako. Ulimi usipoingia hadi mwisho kwenye mpasuo wake, kitako kinavumilia boksi likiwa tupu, kinaachia likinyanyuliwa limejaa, na anayechomwa mguuni ni mbeba taka. Ligeuze kabla ya kulitumia, ukibonyeze kwa kiganja. Kikicheza, kunja upya.

Kasoro kubwa ni kwamba huoni ndani. Mwisho wa kujaza ni robo tatu, lakini kwa kuwa ujazo hauonekani, watu huchungulia tundu, hulitikisa boksi, au husindilia kwa kidole. Hicho kidole ndicho kinachochomwa. Kwenye chanjo kuna njia rahisi: mabomba 100, boksi moja, basi.

Leba ni habari nyingine. Mkunga anashona msamba, glavu zimelowa damu, mama anajisogeza kwa maumivu. Sindano ya kushonea imepinda na ina uzi mkiani. Ukiitumbukiza, uzi wenye damu unanata kwenye ukingo wa tundu, sindano inabaki ikining'inia ubavuni mwa boksi, na mwenzako anakuja kulishika hapo hapo. Kata uzi karibu kabisa na sindano kwanza, kisha uitumbukize ukiwa umeishika kwa koleo, si kwa vidole.

Halafu kuna maji. Karatasi kavu inazuia ncha vizuri, ikilowa, inatoboka. Sakafu ya leba hupigwa deki mara kwa mara, na boksi lililowekwa chini linanyonya maji kitakoni. Pamba na gozi zenye damu zikitupwa humo, linalowa kwa ndani. Mipira ya dripu nayo isiingie: hujikunjua na kuzisukuma sindano hadi mdomoni.

Tena ni jepesi. Likiwa tupu, kiwiko tu kinalipindua, kwa hiyo linahitaji kishikio imara, chini ya usawa wa macho, upande wa mkono unaotumia sindano, mahali unapofika bila kupiga hatua.

Kwa leba tungeagiza la plastiki ngumu lenye mdomo mpana na linaloonyesha ujazo. Ni gumu zaidi kuliteketeza kuliko la karatasi, lakini halilegei likilowa.

Kituo kinachonunua maboksi bila kuwachanja wauguzi homa ya ini B kimeacha pengo kubwa. Kwa asiye na kinga, sindano moja yenye damu ya mgonjwa wa homa hiyo ina hatari ya kuambukiza ya kati ya asilimia 6 na 30. Kwa VVU ni takriban asilimia 0.3. Aliyechomwa aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue jeraha, atoe taarifa hapo hapo. Dawa za kinga ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, zisivuke saa 72, na zimezwe siku 28.

Boksi likifika robo tatu, funga mdomo, andika tarehe na wodi, libebe kwa mpini mbali na mwili. Lisifunguliwe tena, hata kama mkasi umetumbukia humo.