MJD Foundation: mshirika wa kweli kaskazini mwa Australia

Tangu 2008, taasisi hii huwahudumia Waaborijini (wenyeji wa asili) wa kisiwa cha Groote Eylandt na eneo la Arnhem Land wenye ugonjwa wa Machado-Joseph (MJD), ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva na polepole kumnyima mtu uwezo wa kutembea. Hauna tiba, kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 kuurithi, na mara nyingi dalili huwahi zaidi kizazi kinachofuata. Inatupendeza sana kwamba hufanya kazi bega kwa bega na familia zenyewe. Ukitaka kushirikiana nayo, usishinikize mtu apimwe jeni: ushauri nasaha hutangulia, na wapo wasiotaka kujua. Ukichangia viti vya magurudumu, magurudumu yawe mapana, maana membamba huzama mchangani. Chumvi ya bahari hula chuma na mvua hukata barabara, hivyo ongeza fedha za vipuri na usafirishaji.