Gemu la Maharamia: Hapa Upanga Unashinda kwa Mdomo

Haya watazamaji wangu, hamjambo? Niko kibarazani Ngamiani, Tanga. Bodaboda wanapita, mtanivumilia.

Leo nina The Secret of Monkey Island. Gemu lenyewe ni la mwaka 1990, ila hili mnaloliona ni toleo la 2009, limechorwa upya na kutiwa sauti. Tazameni hapa, nabonyeza F10… haya, tumerudi 1990! Picha zote vipande vipande kama mkeka. Mimi nacheza hivi hivi, na si kwa ushabiki wa mambo ya kale. Kwenye lile jipya amri unazompa mhusika, za kufungua, kusukuma, kuzungumza, wamezificha ndani ya menyu. La zamani zimepangwa zote hapo chini ya kioo, unaziona.

Kuna kijana anaitwa Guybrush Threepwood, anataka uharamia na upanga hajui kuushika. Sasa njooni kwenye mapigano, maana hapa watu wa Tanga tuko nyumbani. Ni mipasho, jamani! Mpinzani anakwambia unapigana kama mfuga ng'ombe. Ukimjibu kwamba ndiyo, maana yeye anapigana kama ng'ombe, anarudi nyuma. Ukikosa la kusema, unarudi wewe. Mwanzoni utafungwa sana, lakini kijembe ulichochomwa leo ndicho utakachomchoma nacho mwingine kesho. Halafu unafika kwa bingwa wa kisiwa, bibie Carla, naye ana vijembe vyake ambavyo hujapata kuvisikia. Majibu ni yale yale uliyookota njiani. Shughuli ni kujua lipi linamkaa. Aliyekulia kwenye taarabu haelekezwi.

Najua mtaniandikia kwamba gemu za zamani zilikuwa na adabu, za sasa ni damu tupu. Polepole. Mortal Kombat ni ya 1992, mtu anang'olewa kichwa na uti wa mgongo ukining'inia. Doom, ile ya risasi na damu, ni ya 1993. Wamarekani walianza kubandika alama za umri kwenye gemu mwaka 1994, kwa kelele za miaka hiyo hiyo tunayoililia. Linaloniudhi mimi ni banda la gemu mtaani kumweka mtoto wa darasa la pili kwenye GTA V, gemu la majambazi, na kasha lake limeandikwa 18.

Ila mabandani risasi zinapendwa kwa sababu moja ambayo hatuisemi: risasi haihitaji mkalimani. Hili la maharamia ni Kiingereza mwanzo mwisho. Mpwa wangu wa miaka 12 nilipomkalisha hapa, swali la kwanza: "Mjomba, bunduki naokota wapi?" La pili: "Huyu anasemaje?" Nikageuka mkalimani siku mbili nzima. Na kuna utani hautafsiriki kabisa. Sehemu ya pili, ya 1991, unatakiwa umtumie nyani kama spana, kwa kuwa spana ya aina hiyo Wamarekani wameipa jina la nyani. Sasa muulize fundi yeyote hapa jina la spana ile ya kurekebisha mdomo. Spana malaya! Utamtafuta nyani saa ngapi?

Kwa hiyo kama Kiingereza chako kinachechemea, kaa na mtu. Mashine kubwa haihitajiki. Lile la zamani linachezeka hata kwenye simu ya Android kwa programu ya bure, ScummVM, ila gemu unanunua mwenyewe. Bando likibana, anza na Beneath a Steel Sky, gemu jingine la aina hii: wenyewe wameiachia bure tangu 2003.

Kingine, kwenye hili la maharamia kufa ni kwa nadra. Guybrush anajisifu anaweza kubana pumzi dakika kumi, basi anatupwa baharini amefungwa kamba kwenye sanamu zito. Pembeni yake visu na mapanga kibao, na hakuna hata kimoja anachokifikia. Dakika kumi hizo ni za kweli, zikiisha anakufa. Mpwa wangu, mtoto wa kupiga mbizi Raskazone, alihangaika na vile visu mpaka akanuna. Sikumsaidia. Akanyamaza, akaangalia kioo, akaniangalia mimi.

"Mjomba, kwani hilo sanamu lenyewe nikilibeba?"