Miezi 14 na king'ora cha kulipia: tathmini ya huduma ya ulinzi upande wa Ruai

Mwezi Februari mwaka jana nilijiunga na huduma ya king'ora na gari la dharura inayotolewa na kampuni moja ya ulinzi jijini Nairobi. Jina lake nitaliacha, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko ambayo mimi na wao bado hatujayamaliza. Nyumba yangu iko upande wa Ruai, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Nililipa shilingi 18,000 za kufungiwa vifaa, na tangu hapo nalipa shilingi 3,800 kila mwisho wa mwezi kwa M-Pesa. Kwa fedha hizo niliwekewa vitambuzi kwenye milango miwili na kimoja cha mwendo sebuleni, kisanduku chenye betri nyuma ya mlango wa stoo, king'ora chini ya paa, na vitufe viwili vya dharura vidogo kama kiberiti, kimoja kikining'inia msumarini kando ya kitanda changu. Kitufe kikibonyezwa, chumba cha mawasiliano cha kampuni hunipigia simu, na nisipopokea, au nikipokea nikakosa kutaja neno la siri, gari lenye walinzi hutumwa.

Vifaa vyenyewe sina neno navyo. Fundi alikuja siku aliyoahidi, akatoboa kuta bila kuzibomoa, na akafagia vumbi lake mwenyewe, jambo ambalo mafundi wengi wa mtaa wetu huliona kuwa kazi ya mwenye nyumba. Ninachotaka kukitathmini ni kile nilichokuwa nikikinunua hasa, nacho ni dakika: muda unaopita tangu nibonyeze kitufe hadi nimwone mtu mwenye tochi getini.

Kwa nini mtu anunue dakika, kila aliyehamia upande huu anajua. Tulipojenga mwaka 2015, ukisimama getini ulikuwa ukiyaona malori yakipita barabara ya Kangundo. Leo ninachoona ni nguo zilizoanikwa kwenye ghorofa ya nne ya jirani. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 3,138,369 Nairobi, na ile ya 2019 ikahesabu 4,397,073, lakini ongezeko hilo halikumwagika sawasawa. Katikati ya jiji hapana tena pa kujenga, kwa hiyo watu walisogea pembezoni, wakavuka hata mpaka wa kaunti hadi miji kama Ruiru, iliyotoka watu 238,858 hadi 490,120 katika miaka hiyo hiyo 10. Mwenye ploti akipata mkopo, ghorofa inasimama ndani ya mwaka. Kituo cha polisi kinangoja ardhi, bajeti, gari na askari waliohitimu, na kila kimoja kati ya hivyo kina ofisi yake na foleni yake.

Kipimo kinachotajwa kila mjadala huu unapozuka ni askari 1 kwa wakazi 450. Kaunti ndogo ya Njiru, ambamo Ruai imo, ilikuwa na watu 626,482 mwaka 2019. Kwa kipimo hicho ilihitaji askari wapatao 1,392 siku ile ile ya kuhesabiwa, sembuse leo. Na hata kama wote wangepatikana, hakuna askari anayefanya kazi saa 24. Ukiwagawa katika zamu tatu za saa nane unabaki na 464 kwa saa yoyote, na hapo bado hujawatoa walio likizo, walio kozini, wanaopeleka mahabusu mahakamani, wanaolinda benki, wanaosindikiza waheshimiwa, na wale ambao kila msimu wa mitihani ya kitaifa husimama kulinda makontena ya karatasi za mitihani. Mageuzi ya mwaka 2018, yaliyowahamisha maelfu ya polisi wa utawala kwenda kwenye kazi za kawaida za polisi, yalipanga upya waliokuwepo kuliko kuongeza idadi yao. Nao usajili wa askari 10,000 mwaka 2025 ulikwama mahakamani kabla ya kufanyika mwezi Novemba, na aliyechaguliwa siku hiyo ilimbidi kwanza apitie chuo ndipo akabidhiwe zamu. Kwa hiyo ninapoeleza hapa chini muda waliochukua polisi kunifikia, sisemi walikuwa wamelala.

Usiku mmoja wa mwezi Mei, saa nane na dakika 20, nilisikia msumeno wa chuma kwenye vyuma vya dirisha la jikoni. Ulikereza kidogo, ukanyamaza, ukakereza tena, kama mtu anayesikiliza kila baada ya mikato miwili. Nilibonyeza kitufe, king'ora kikalia, na simu ikaita kabla sijamaliza kujifunga leso. "Mama, gari liko njiani. Usifungue mlango, na usizime taa ya nje." Sauti ya yule kijana ilikuwa tulivu kiasi cha kunikasirisha. Baada ya dakika 9 walinzi watatu walikuwa getini wakiwa na helmeti, rungu na tochi kubwa, pamoja na mbwa mmoja ambaye nadhani alikuwa na woga kuliko mimi. Wezi walikuwa wamekimbia kwa sauti ya king'ora, wakaacha jino la msumeno limenasa kwenye chuma cha pili.

Nilikuwa pia nimepiga 999. Polisi walifika saa kumi kasorobo, makonstebo wawili juu ya pikipiki moja ya bodaboda. "Mama, gari ni moja, na limeenda ajalini Kangundo Road," mmoja wao aliniambia, bila kisingizio wala ukali. Aliukagua ule mkato kwa kidole, akaandika kwenye daftari lake dogo, akanitaka nifike kituoni asubuhi kuandikisha taarifa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo. Baadaye nilikuja kujua kwamba anapanga katika mojawapo ya ghorofa zilizoniziba barabara. Tangu hayo mageuzi ya 2018 maafisa wanaruhusiwa kupanga mitaani, kwa hiyo naye ni miongoni mwa watu waliomfanya askari kuwa haba.

Dakika 9 dhidi ya 85: ungeniuliza wiki hiyo, ningeipa kampuni nyota 5 kati ya 5. Mnunuzi ajue, hata hivyo, kwamba walinzi wa kampuni binafsi hapa Kenya hawabebi bunduki. Wanachokuuzia ni mwanga, kelele na idadi. Wanaweza kumkamata mtu waliyemkuta akitenda kosa, lakini wanapaswa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kiongozi wa wale watatu alinieleza wazi kwamba wakiona dalili ya silaha watasimama mbali, watawasha taa za gari na kuwangoja polisi. Nilimheshimu kwa ukweli huo, ambao muuzaji wao hakuwa ameutaja hata mara moja alipokuwa akinikunjulia brosha.

Tangu usiku huo nilianza kuandika muda kwenye kijitabu, kila king'ora kilipolia kwa sababu yoyote na kila nilipobonyeza kwa majaribio baada ya kuwaarifu. Julai zilikuwa dakika 11, Septemba dakika 14, Desemba dakika 26. Mwezi Februari mwaka huu, bila mvua wala msongamano, zilikuwa 31. Nilimpigia msimamizi wa eneo nikamwuliza gari moja linahudumia nyumba ngapi. Akajibu kwamba eneo letu lina gari. Nikauliza tena, akasema gari lipo saa zote. Mara ya tatu ndipo aliponipa idadi: nilipojiunga tulikuwa wateja wapatao 140, na sasa tumepita 400, kwa kuwa ghorofa mbili nzima na mtaa mpya wenye geti la pamoja zimejiunga kwa mkataba wa jumla. Gari ni lile lile moja. Walinzi wenyewe waliniambia wanafanya zamu za saa 12, na anayeugua usiku hapatikani wa kushika nafasi yake, kwa hiyo watatu huwa wawili.

Yaani nilikuwa nimeihama foleni ya umma nikajiunga na foleni ya binafsi, tofauti ikiwa ni risiti. Serikali angalau haikunitumia ujumbe wa kunisihi nimlete rafiki ili nipunguziwe ada ya mwezi. Kampuni ilinitumia, na mimi mwenyewe niliwaleta majirani wawili, nikarefusha dakika zangu kwa punguzo la shilingi 500.

Kuna upande mwingine wa huduma hii ambao haumo kwenye brosha. Asubuhi ile nilikwenda kituoni, nikapanga foleni nyuma ya watu sita, nikapewa nambari ya OB kwenye kipande cha karatasi. Saa ya tukio ina uzito kuliko nilivyodhani: katika Kanuni ya Adhabu usiku huanza saa kumi na mbili unusu jioni na kuisha saa kumi na mbili unusu asubuhi, na kuvunja nyumba usiku kuna kifungo cha hadi miaka 10 ilhali mchana ni hadi miaka 7. Ripoti ya kampuni, pamoja na muhuri wake wa rangi mbili, haichukui nafasi ya abstrakti ya polisi, yaani hati yao ya kuthibitisha kwamba uliripoti, ukienda kudai bima. Hata hivyo wengi wa majirani zangu waliookolewa na king'ora hawakukanyaga kituoni, kwa sababu hakuna kilichoibwa na asubuhi kuna kazi. Matukio hayo yako kwenye kompyuta ya kampuni peke yake. Kiwango cha uhalifu ni idadi ya matukio yaliyoandikishwa ikigawanywa kwa idadi ya watu. Mtaani kwetu ya kwanza ni pungufu kwa kutoandikisha, na ya pili ni pungufu kwa kuwa sensa imezeeka. Kinachopatikana hakielezi chochote cha kutegemewa, nacho ndicho kiongozi wa kaunti angekipeleka mbele kuomba askari zaidi. Niliiuliza kampuni iwapo inaweza kumkumbusha kila mteja, kwa ujumbe mfupi, aandikishe tukio kituoni. Walisema wazo ni zuri. Hiyo ilikuwa Oktoba.

Kasoro nyingine ni ndogo. Betri iliyoahidiwa kudumu saa nane stima ikipotea ilidumu tatu na nusu, wakaibadilisha bila malipo baada ya simu nne. King'ora kikilia bure zaidi ya mara tatu kwa mwezi unatozwa shilingi 1,000, hata kama mkosaji ni paka wa jirani. Chumba cha mawasiliano kimekuwa kizuri wakati wote. Sijawahi kuita zaidi ya mara mbili bila kupokelewa.

Mwenye kuuliza kama huduma hii inazishinda njia za bei nafuu, kama kikundi cha Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulindana ulioenezwa tangu 2013, pamoja na filimbi na taa za nje, ningemjibu kwamba inategemea ni lini anauliza. Mei iliyopita ilizishinda kwa mbali. Februari hii, mlinzi wa ghorofa ya jirani alifika kwangu kwa miguu dakika 20 kabla ya gari ninalolilipia.

Naipa nyota 3: moja ya vifaa, moja ya wale vijana wa simu, na moja ya wale walinzi watatu wa Mei. Mkataba ulipokwisha nilikataa wa mwaka mzima, nikataka wa miezi sita wenye sentensi moja ya ziada: gari 1 lisizidi nyumba 200, na likizidi, ada ipungue nusu hadi gari la pili lije. Msimamizi aliikata kwa kalamu, akaandika juu yake "kampuni itajitahidi". Nami nikalikata neno "itajitahidi". Karatasi hiyo iko mezani kwake tangu wiki iliyopita, na kitufe bado kinaning'inia msumarini.