Shuka la Kupimia Damu Katika Chumba cha Leba: Tathmini ya Mkunga

Bidhaa ninayoitathmini ni shuka la plastiki linalotandikwa chini ya makalio ya mama anayejifungua kwa njia ya kawaida. Upande wake wa chini umeungwa kuwa mfuko mrefu unaoning'inia nje ya ukingo wa kitanda, na juu ya mfuko huo imechapwa mistari ya mililita. Damu inayotoka baada ya mtoto kuzaliwa huteremkia mfukoni, na mkunga huisoma papo hapo bila kuhitaji mizani wala beseni. Mistari miwili ina uzito kuliko mingine yote: wa mililita 300, unaomtahadharisha mkunga, na wa mililita 500, unaomtaka aanze matibabu bila kungoja. Nimelitumia katika wodi ya wazazi ya hospitali ya ngazi ya mkoa nchini Tanzania, na maoni yangu ni kwamba ni bidhaa njema sana, inayostahili kuwepo kwenye kila kitanda cha leba, kwa sharti moja ambalo wanunuzi wengi watashawishika kulipuuza: isinunuliwe peke yake.

Kabla ya shuka hili, damu ya mzazi ilikadiriwa kwa macho. Mama huja na mpira wake wa kujifungulia, pamba, na kanga au vitenge vyake, na damu inapotoka hutawanyika: nyingine hunyonywa na kanga, nyingine hutuama chini ya mgongo, nyingine huchanganyika na majimaji ya uzazi, nyingine hudondoka sakafuni. Mkunga mwenye wazazi watatu waliofikia hatua ya kusukuma hawezi kuyajumlisha hayo yote kichwani, na tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba jicho, hata la mtaalamu mzoefu, hukadiria pungufu, na kwamba pengo hilo hukua kadiri damu inavyozidi kutoka. Ndiyo sababu mafaili ya wodi za wazazi yamejaa makadirio yanayofanana, mililita 150 au 200, yaliyoandikwa kwa mazoea. Kosa la namna hiyo lina gharama kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake karibu 45,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na wengi wao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mama aliyeingia leba akiwa tayari na upungufu wa damu, kama walivyo wengi tunaowapokea, hana akiba ya kumwezesha kusubiri mpaka macho yetu yaridhike kwamba hali imekuwa mbaya.

Sasa nirudi kwenye sharti nililolitaja, kwa kuwa ndilo linaloamua kama fedha za hospitali zitakuwa zimetumika vizuri. Wazo la kukusanya damu kwenye mfuko wenye vipimo si jipya. Lilifanyiwa utafiti mkubwa barani Ulaya, katika wodi za uzazi 78 za nchi 13, ukihusisha wanawake zaidi ya 25,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010 katika BMJ, jarida la tiba la Uingereza. Katika wodi zilizopewa mfuko, waliopata madhara makubwa ya kutokwa damu walikuwa asilimia 1.71, na katika wodi zilizoendelea kukadiria kwa macho walikuwa asilimia 2.06, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuthibitisha kwamba mfuko umesaidia. Mfuko ulitoa kipimo, lakini haukuambatana na utaratibu wa lazima wa kumwambia mhudumu afanye nini baada ya kukisoma kipimo hicho.

Miaka 13 baadaye ukaja utafiti wa E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, na safari hii ulifanyika kwetu: hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Nusu ya hospitali ziliendelea na huduma zilizozoeleka. Nusu nyingine zilipewa shuka lenye vipimo pamoja na kifurushi cha matibabu kinachotolewa kwa mkupuo mmoja, mafunzo kazini, na wasimamizi wa wodi waliopewa jukumu la kufuatilia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 katika jarida la New England Journal of Medicine yalionyesha kwamba waliopoteza damu kuanzia lita moja, au waliolazimika kufunguliwa tumbo, au waliofariki kwa kutokwa damu, walikuwa asilimia 1.6 katika hospitali zilizotumia mpango huo na asilimia 4.3 katika zile nyingine. Hilo ni punguzo la takriban asilimia 60. Kwa mtu wa wodini, nambari mbili nyingine ndizo zinazofundisha zaidi. Kati ya wanawake waliotokwa damu nyingi, asilimia 93 walitambuliwa mapema palipokuwa na shuka, ilhali pasipokuwa nalo walitambuliwa takriban nusu tu. Na kifurushi kamili cha matibabu kilitumika kwa asilimia 91 upande mmoja na kwa asilimia 19 upande wa pili.

Tafiti hizo mbili zikisomwa kwa pamoja, jibu la mnunuzi liko wazi. Shuka hutambua tatizo; anayelizuia kufika pabaya ni mkunga mwenye dawa mkononi na ruhusa ya kuanza. Nasisitiza neno ruhusa, kwa sababu katika baadhi ya wodi muuguzi bado hutarajiwa kumngoja daktari afike ndipo dawa ichomwe, na hapo mfuko utajaa mbele ya macho yake. Kifurushi chenyewe kina hatua tano: kukanda mji wa mimba mpaka ukaze, kutoa oksitosini (dawa ya kuukaza mji huo), kutoa gramu moja ya asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda) kwa njia ya mshipa taratibu kwa dakika 10, kuweka dripu, kisha kukagua chanzo, yaani kibofu, kondo la nyuma na michaniko ya njia ya uzazi, na kuita msaada au kuandaa rufaa iwapo damu haijakata. Hatua hizi hazifanywi kwa kujaribu moja na kungoja ishindwe ndipo ifuate nyingine, kama wengi wetu tulivyofundishwa zamani. Hufanywa zote, na sisi hulenga kuzikamilisha ndani ya dakika 15. Haraka hiyo ina msingi wake. Utafiti wa WOMAN wa mwaka 2017, uliohusisha wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21, ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki hupunguza vifo vya kutokwa damu ikitolewa ndani ya saa tatu, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10.

Kimatumizi, shuka halina ugumu. Tunalitandika mama anapokaribia kujifungua na kuuachia mfuko mara tu mtoto akishatoka na majimaji ya uzazi yameshapita, kwa kuwa majimaji hayo yakiingia mfukoni kipimo huwa cha uongo na mama anaweza kupewa dawa asizozihitaji. Mkojo nao huleta shida hiyohiyo, hivyo ni vyema kibofu kiwe kimeshamwagwa. Shuka hubaki mahali pake kwa saa ya kwanza, nasi kila dakika 15 tunasoma mfuko, tunapapasa mji wa mimba na kuangalia kama damu inachuruzika. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu hayaachwi, hasa tangu mwongozo wa Oktoba 2025 uliotolewa kwa pamoja na Shirika la Afya Duniani, shirikisho la kimataifa la wakunga na lile la madaktari wa uzazi, unaotaka matibabu yaanze damu inapofika mililita 300 iwapo mama ana dalili yoyote mbaya, kwa mfano mapigo zaidi ya 100 kwa dakika au nambari ya juu ya shinikizo la damu iliyoshuka chini ya 100. Kwa hiyo mwenye shuka bila mashine ya presha inayofanya kazi ana nusu tu ya anachokihitaji.

Jambo moja sikulitarajia, nalo limenifurahisha kuliko yote: shuka limebadilisha mazungumzo ya wodini. Zamani mwanafunzi au mkunga mdogo akisema "dada, naona huyu mama anatoka damu sana," jibu lilitegemea jinsi wakubwa wake walivyomheshimu. Sasa husema "dada, imefika mia tatu na hamsini," na hakuna anayebishana na mstari. Makabidhiano ya zamu nayo yamekuwa na nambari badala ya hisia, na daktari anayepigiwa simu usiku wa manane huuliza maswali machache zaidi kabla ya kuamka.

Kasoro zipo, na mnunuzi azijue. Shuka limeundwa kwa mama aliyelala chali au aliyeinuliwa mgongo kidogo. Anayejifungua akiwa amechuchumaa, amepiga magoti au amelala ubavu, na ni haki yake kuchagua hivyo, hulifanya lisikae sawa, na inabidi ageuzwe baada ya mtoto kutoka. Kwenye vitanda vyetu vingi, ambavyo godoro lake limebonyea katikati, damu hutuama kwenye bonde badala ya kuteremka, na usipoliinua shuka kwa mkono utasoma pungufu. Plastiki hunata kwenye ngozi wakati wa joto, jambo ambalo mama wa Tanga au Mtwara atalilalamikia mapema zaidi kuliko wa Njombe. Ni la kutumiwa mara moja tu, na ninaomba kwa dhati asitokee wa kulifua na kulirudia, maana damu ya mzazi mmoja haipaswi kumkaribia mwingine. Lakini hilo lina maana ya taka nyingi zaidi za kuchomwa, na tanuri la hospitali liwe na uwezo huo. Kwa upasuaji halifai, ambako damu hupimwa kwa chupa ya mashine ya kufyonza na kwa kupima uzito wa vitambaa.

Akina mama wenyewe hulipokea vizuri wakielezwa. Nikimwambia mama, "Hili ni la kutusaidia kuona damu yako kama ni ya kawaida, utakaa nalo saa moja," hukubali, na wengine huomba kuuona mfuko. Asipoelezwa hudhani kuna jambo baya limetokea. Vilevile hufurahi kwamba kanga zao nzuri, ambazo wengine walizinunua kwa ajili ya kumpokea mtoto, hazilowi damu yote kama zamani. Ombi langu kwa wenzangu ni kwamba maelezo hayo yatolewe uchungu ukiwa bado mchanga, si wakati mama anasukuma.

Kuhusu ununuzi, mashuka yasiingizwe kwenye orodha ya mahitaji bila kuhesabiwa pamoja na asidi ya traneksamiki, oksitosini iliyohifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, kanula na maji ya dripu. Nimeona wodi ikiwa na mashuka kabatini huku asidi ya traneksamiki imefungiwa stoo ya dawa, na mwenye ufunguo yuko nyumbani. Trei moja iliyokamilika, iliyowekwa mahali ambapo kila mtu wa zamu anapafahamu, ina thamani kuliko boksi zima la mashuka. Zahanati na vituo vidogo wanaweza kulitumia, ila wakumbuke kwamba ushahidi wa E-MOTIVE ulitoka katika hospitali zenye uwezo wa kufanya upasuaji. Kwao mstari wa mililita 300 uwe pia wakati wa kuanza kutafuta gari la rufaa.

Matoleo niliyoyashika yanatofautiana ubora. Chagua lenye mistari iliyochapwa kwa wino usiofutika likilowa, nambari kubwa zinazosomeka kwa taa hafifu au kwa tochi ya simu umeme unapokatika, na kamba za kiunoni zenye urefu wa kumtosha mama mnene. Kabla ya kuagiza mengi, mimina maji yaliyopimwa kwa jagi la maabara kwenye moja la mfano uone kama mistari inasema kweli, na ulitandike juu ya kitanda chenu chenyewe, si juu ya meza ya muuzaji.